Nilikula Uyoga, Nikalia Katika Sala: Je, Ile Ilikuwa Khushui?

SWALI

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh, Shekhe. Mimi ni kijana wa hapa Mombasa, nina miaka 26, nimeoa, na nafanya kazi katika hoteli moja ya ufukweni. Mamangu alifariki mwaka jana. Tangu siku ile moyo wangu ulikuwa mkavu, hata sala nikawa naziacha. Kuna wageni huja kukaa siku kadhaa wakijifunza kutafakari kwa njia ya Budha, na baadhi yao hula uyoga unaobadilisha akili. Wakanipa, nikala baada ya Alasiri. Ilipoadhiniwa Magharibi nikaingia chumbani nikasali. Sijui hata nilisali rakaa ngapi, lakini nililia katika sijda mpaka mswala ukarowa. Nikamwona mamangu yuko kwenye nuru, na nikamsamehe moyoni babangu, ambaye hatujasemezana kwa muda mrefu. Kisha nikalala mpaka Alfajiri. Khushui kama ile, yaani moyo kunyenyekea katika sala, sijapata kuiona. Tangu hapo sala tano siachi.

Rafiki yangu anasema uyoga ni ufunguo tu, kama kahawa ilivyokuwa kwa masufi, na kwamba Mabudha wenyewe hufikia hekima kwa njia hiyo. Anataka tuwe tunaula mara moja kwa mwezi kabla ya kisimamo cha usiku, au tule kidogo sana kila siku chache, kiasi kisicholevya. Je, niliyoyaona ni ya kweli? Naruhusiwa kurudia? Naogopa kurudi nilikokuwa. (Mjomba wangu ni mgonjwa wa akili tangu ujana wake, sijui kama hilo linahusu.)

JIBU

Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako na alipanue kaburi lake.

Mwanangu, hilo la mjomba ulilolitia mwishoni, ndani ya mabano, ndilo nitakaloanza nalo kabla ya halali na haramu. Linahusu sana. Uyoga huo una kemikali iitwayo silosibini. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa silosini, nayo hushika zile sehemu za ubongo zinazopokea serotonini, kemikali ya ubongo wenyewe. Huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, na hudumu saa nne mpaka sita. Madaktari wanaoifanyia utafiti huko Marekani na Ulaya hawampi mtu kabla ya kumhoji habari za ukoo wake. Wakisikia ana mzazi, ndugu wa tumbo moja, au hata mjomba mwenye skizofrenia, ule ugonjwa mzito wa akili, humwambia ahsante, rudi nyumbani. Wanachelea kwamba mtu wa ukoo wa namna hiyo huweza kuwa amebeba ugonjwa uliolala, dawa ikaja kuuamsha, na ukishaamka hauondoki pamoja na ile dawa. Waliokupa wewe hawakukuuliza chochote. Basi hata kama dini isingetamka neno katika mas-ala haya, wewe kwa nafsi yako ulikuwa umekwishakatazwa.

Kwa hiyo jichunge, na mkeo akuchunge. Ukikosa usingizi usiku mitatu mfululizo, ukisikia sauti inakwita na mtu hayupo, ukianza kuona kwamba tangazo la redio au maandishi ya nyuma ya matatu yanakusudiwa wewe, nenda siku hiyohiyo kwenye kitengo cha magonjwa ya akili pale Port Reitz, na uwaambie wazi ulichokula. Kisomo tusome, tena tusome sana, lakini atakayekwambia kisomo kinatosha na hospitali uiache, huyo usimsikilize. Na jambo la mwisho katika mlango huu: uyoga wa porini unafanana. Uko unaoharibu ini, na dalili zake hungoja saa sita au hata siku nzima kabla ya kujitokeza, wakati mtu anadhani amesalimika.

Hukumu nayo haina safari ndefu. Mtume (s.a.w.) amesema kila chenye kulevya ni khamri, na kila khamri ni haramu. Sayyidna Umar aliposimama juu ya mimbari alivitaja vilivyokuwa vikitengenezewa khamri wakati ule, zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akaacha kipimo cha kupimia vitakavyokuja baadaye: khamri ni kile kinachoifunika akili. Anayesema Qur'ani haikutaja uyoga, aambiwe haikutaja bangi wala unga wa heroini pia, na akina mama wa Kisauni na Majengo wanaowafungulia mlango watoto wao usiku wa manane wanajua kama hivyo ni halali au si halali.

Yupo atakayesema uyoga haulevyi bali unafungua. Maneno haya yana jibu lake katika fikihi tangu zamani. Imamu al-Qarafi, aliyefariki mwaka 1285, alivigawa vitu hivi mafungu matatu: kinacholaza hisia, kinacholevya kwa kuleta furaha na nguvu huku hisia zikibaki, na kinachoivuruga akili bila ya furaha ile. Wanazuoni wakahitilafiana bangi iingie fungu lipi. Hawakuhitilafiana kwamba kuila kwa kiasi kinachoigusa akili ni haramu. Tofauti ya mafungu ina athari mahali pengine. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kilevi kigumu kisicho cha majimaji si najisi kama pombe. Nguo uliyoubeba ndani yake si lazima kuifua, na mlaji hutiwa adabu kwa anavyoona hakimu, hapigwi viboko vya mlevi wa pombe. (Ingawa kama uliokotwa kwenye mavi ya ng'ombe, kama inavyotokea mara nyingi, basi kuna najisi nyingine hapo ambayo wenye kutafuta nuru hawakuifikiria.) Na silosibini imo katika dawa zilizozuiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, na Kenya ina sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 ambayo si ya mchezo. Mgeni atapanda ndege arudi kwao. Wewe ndiye utakayesimama Shanzu mbele ya hakimu.

Rafiki yako anadhani amevumbua jambo. Hoja yake ina miaka mia saba. Mwanazuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, anaeleza kwamba hashishi, yaani bangi, ilidhihiri kwa watu mwishoni mwa karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 7 ya hijria, zama za kutoka kwa Matatari, yaani Wamongolia, na anayataja maneno ya walioihalalisha: wakiiita kitonge cha fikra na dhikri, kinachoitikisa azma iliyotulia, chenye manufaa katika njia ya kumwendea Mungu. Misri na Shamu ikapewa jina la majani ya mafakiri, kwa wingi wa waliojinasibisha na usufi walioitumia. Mwanazuoni az-Zarkashi, wa karne aliyofariki Ibn Taymiyya, akaiandikia kitabu kizima cha kuiharamisha. Kwa nini mtu aandike kitabu kizima? Kwa sababu aliona tunachokiona leo: fakiri alianza na kitonge ili aipate dhikri, akaishia na kitonge, dhikri imekwenda zake.

Sasa tuingie ndani, kwa maana hapa ndipo penye kosa lenyewe, na wanaolijibu swali hili kwa neno "haramu" tu wanamwacha kijana na jeraha lake. Tafakuri ni nini? Imamu Ghazali katika mlango wa tafakuri wa kitabu chake, Ihya, anaieleza kwa maneno ambayo fundi seremala angeyaelewa: ni kuzihudhurisha moyoni maarifa mbili ili kutokana nazo ipatikane maarifa ya tatu. Anatoa mfano. Moja, kinachobaki ni bora kuliko kinachopita. Mbili, Akhera ndiyo inayobaki. Ukiziweka hizi mbili pamoja huku moyo umehudhuria, ya tatu inazaliwa yenyewe: Akhera ni bora. Kisha anasema maarifa hubadilisha hali ya moyo, na hali ya moyo hubadilisha matendo ya viungo. Huo ndio mtiririko wake. Tazama ni nani anayefanya kazi katika mtiririko ule. Ni wewe, kwa akili yako, jiwe juu ya jiwe, na kesho ukitaka kurudi unaijua njia. Usiku ule wewe hukufanya. Ulifanyiwa. Hisia ya kwamba "nimejua" ilikujia bila ya maarifa mbili za kuizaa. Kemikali ile ina uwezo huo hasa: huupa moyo uzito wa yakini kabla hujajua yakini ya nini. Ndiyo maana mtu huzinduka kesho yake akikumbuka kwamba alifahamu siri ya ulimwengu, na ukimwambia aitamke, anakwambia haisemeki.

Mimi sikatai kwamba uliona kitu. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha utafiti wa watu 36 waliopewa silosibini, na kiasi cha theluthi mbili walisema siku ile iliingia katika mambo matano yenye maana kubwa kabisa ya kiroho katika umri wao. Kabla ya hapo, mwaka 1962, huko Boston, wanafunzi 20 wa chuo cha ukasisi walikusanywa siku ya Ijumaa Kuu, kumi wakapewa silosibini, na wengi wa hao kumi wakatoka kanisani wakieleza hali nzito za kiroho ndani ya imani yao ya Kikristo. Sasa pima. Mkristo ilimthibitishia ya kwake. Mgeni wa hotelini ilimthibitishia ya Budha. Asiye na dini ilimthibitishia kwamba vyote ni kitu kimoja na hakuna haja ya dini. Wewe, uliyekuwa na mama kaburini na mswala mbele yako, ikakuletea mama na sijda. Shahidi anayemwambia kila mdai kwamba haki ni yake, kadhi gani atampokea?

Ndiyo jibu la swali lako kama uliyoyaona ni ya kweli. Kumwona mama yako kwenye nuru, mche Mungu na umtarajie kheri, lakini usiiweke kuwa habari ya ghaibu. Hata ndoto njema, ambayo Mtume (s.a.w.) ameisifu, hatuchukui hukumu ndani yake, na hiyo ni ya mtu aliyelala na udhu. Wenye njia, yaani masufi, walikuwa wakali zaidi yetu katika hili. Abu Sulayman ad-Darani alikuwa akisema kuwa huenda ikamwingia moyoni nukta miongoni mwa nukta za watu wa njia, ikakaa siku kadhaa, naye haikubali mpaka aipatie mashahidi wawili waadilifu, Kitabu na Sunna. Na Sayyid Abdulqadir Jilani, ambaye maulidi na nyiradi za njia yake zinasomwa pwani hii yote, inasimuliwa kuwa alitokewa na nuru kubwa ikamwita: mimi ni Mola wako, nimekuhalalishia yaliyoharamishwa. Akamjibu: toweka ewe mlaaniwa. Alipoulizwa amemjuaje kuwa ni shetani, akasema kwa kauli yake "nimekuhalalishia yaliyoharamishwa". Mtu mwenye daraja ile, nuru ikamjia bila ya kula kitu, na bado akaipima kwa halali na haramu. Rafiki yako anataka mwanzo wa nuru yenyewe uwe ni haramu.

Utaniuliza: kama ni ubaya, mbona umezaa sala tano? Swali zuri, na linamtatiza yeyote mwenye huruma. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Abu Hurayra aliwekwa kulinda zaka ya Ramadhani. Akaja mtu usiku anakwapua chakula. Akamkamata, akamwachilia kwa kumhurumia, akarudi tena usiku wa pili, na wa tatu. Usiku wa tatu yule mwizi akamwambia: niachie nikufundishe maneno yatakayokufaa, unapopanda kitandani soma Ayatul Kursi. Mtume (s.a.w.) aliposikia akasema: amekwambia kweli, naye ni mwongo mkubwa. Alikuwa shetani. Angalia alivyofanya Abu Hurayra. Ayatul Kursi aliichukua, na umma mzima unaisoma kitandani mpaka leo. Lakini hakuliacha ghala wazi usiku wa nne ili mwizi aje amfundishe aya nyingine. Wewe umekwishaipata Ayatul Kursi yako: sala tano, na ulaini wa moyo kwa baba. Ichukue, ni yako, wala usimruhusu mtu akwambie uitupe kwa sababu ya alikotoka aliyeileta. Ghala lifunge.

Na Qur'ani haikuficha kwamba vilevi vina faida. Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, inasema ndani ya pombe na kamari mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kwa hiyo anayekuja na orodha ya manufaa hajaleta jipya. Manufaa yametajwa, na marufuku ikashuka juu yake. Wengine hulivuta na lile neno la sufi Ibn Ataillah katika kitabu chake, Hikam, kwamba maasi yanayorithisha unyonge na uhitaji ni bora kuliko utiifu unaorithisha kujikweza. Kweli kasema. Hakusema mtu apange maasi tarehe moja ya kila mwezi ili apate unyonge. Anayeyapangia ratiba huyo hana unyonge, ana mazoea.

Kuhusu kahawa, rafiki yako amesoma nusu ya habari. Ni kweli masufi wa Yemen waliinywa wapate kukesha katika dhikri, na ni kweli mwaka 1511 ilipigwa marufuku Makka, na haikuchukua muda marufuku ikalegea. Kwa nini ililegea? Kwa sababu mnywaji wa kahawa anabaki anajua anachokisema. Mwuza kahawa wa Mji wa Kale akikumiminia vikombe vitano vya kahawa tungu baada ya tarawehe, hutasahau idadi ya rakaa wala deni la kashata. Kahawa humwondolea mtu usingizi, na aliyeondolewa usingizi akili yake iko mikononi mwake. Miraa na muguka ni barza nyingine. Watu wa Yemen walipomwuliza Ibn Hajar al-Haytami, mwanazuoni wa Shafii, habari za miraa, aliona hitilafu ya wanaoijua, akajizuia kuiharamisha moja kwa moja, akausia iepukwe. Muguka wa leo ulioifanya kaunti itoe marufuku mwaka 2024, na mahakama ikaisimamisha, unataka jawabu lake peke yake.

La kula kidogo kisicholevya, hapa rafiki yako amegusa mas-ala ya kweli na sitamdharau. Wanazuoni wa Shafii wameruhusu kiasi kidogo cha vitu vigumu vya aina hii kisichoiathiri akili kabisa. Mfano ulio jikoni kwetu ni kungumanga. Ibn Hajar al-Haytami ameihesabu miongoni mwa vilevi, na mtu akila kungumanga nzima mbili tatu ataona mwenyewe. Lakini ile punje iliyokunwa katika sinia zima la haluwa haina neno. Sasa tofautisha. Mpishi wa haluwa anatia kungumanga kwa harufu na ladha, na angeudhika sana ikiwa wageni wake wangelewa. Anayekula gramu 0.1 ya uyoga mkavu haendi kutafuta ladha, kwa maana ladha yake haina wa kuisifu. Anautafuta ubongo wake. Akisema haumwathiri, anakula nini? Akisema unamwathiri, ametoka katika ruhusa. Zaidi ya hapo, uyoga haupimiki kama kidonge. Mmoja huwa na nguvu mara kadhaa ya mwenziwe wa shina hilohilo, na kiasi cha leo si kiasi cha kesho.

Mgonjwa anayetibiwa na daktari ni mlango mbali. Australia imewaruhusu madaktari maalumu wa akili kuitumia silosibini kwa sonona sugu tangu Julai 2023, na fikihi ina masharti yake ya dharura na kukosekana mbadala. Wewe hukwenda kwa daktari.

Mabudha wenyewe, wasizuliwe. Dini yao si yetu, lakini insafu ni wajibu. Wafuasi wao wa kawaida wana maagizo matano wanayoyashika, na la tano ni kujiepusha na vileo, kwa sababu vinaleta kughafilika. Sababu waliyoitaja ndiyo hiyo, kughafilika, nasi kwa Kiarabu tunaiita ghaflah. Tafakuri yao wanaifundisha kwa kukaa, kuipima pumzi, na kukitazama kila jambo mpaka shina lake, miaka kwa miaka, na wako miongoni mwao wanaowakemea wanaochanganya na dawa. Wageni wale walikupa jambo ambalo hata wenye hiyo njia wanalibishania, wakakwambia ndiyo njia.

Sasa turudi kwenye sala ile. Nayasema haya nikijua yatakuuma. Mwenyezi Mungu anasema katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 43: msiikaribie sala hali mmelewa, mpaka myajue mnayoyasema. Umeandika kwa mkono wako kwamba hujui ulisali rakaa ngapi. Magharibi ni rakaa tatu, anazijua mtoto wa chuoni. Sala iliyokuliza mpaka mswala ukarowa ndiyo sala ambayo unadaiwa. Khushui ni moyo kuhudhuria mbele ya unayemwambia, na mhudhuriaji ni yule anayejua yuko rakaa ya ngapi na anasema nini. Machozi huenda yakaja na huenda yasije.

Basi ilipe, na uilipe leo bila kungoja. Anza na Magharibi rakaa tatu, kisha Isha uliyolala nayo rakaa nne. Ukizilipa mchana jua limetoka, kisomo kiwe cha siri. Ukizilipa usiku, soma kwa sauti. Zile za miezi uliyoacha, zikadirie mpaka moyo utulie kwamba hazizidi hapo, kisha kila faradhi ya leo iambatanishe na moja ya deni, Adhuhuri na Adhuhuri, Alasiri na Alasiri. Na usije ukasikia kwamba aliyelewa sala yake haikubaliwi siku 40, ukasema basi nipumzike siku 40. Imamu Nawawi na wenziwe wamelieleza: thawabu ndiyo inayozuiliwa, faradhi iko palepale, na mlango wa toba hauna siku 40. Ulichobaki nacho cha uyoga kitie chooni umwagie maji. Usimpe mtu, usiuze.

Hofu yako ya kurudi kwenye ukavu naielewa, na hapa nataka ukae nami kidogo. Ukavu ule ulikuwa msiba ambao haukupata kuliliwa. Kijana anazika mama, kesho yake yuko zamu hotelini anatabasamu na sinia mkononi. Machozi yale yalikuwa ya mama yako, yalikuwa yanangoja, na yangetoka. Yape njia ya halali. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kama kuna wema wa kuwafanyia wazazi baada ya kufa kwao, akataja kuwaombea dua na maghufira, kutekeleza ahadi zao, kuunga udugu ambao hauungwi ila kwa ajili yao, na kuwakirimu marafiki zao. Mama yako alikuwa na shoga zake. Watafute. Waulize kama alikuwa na deni dukani, kama alikuwa kwenye chama cha kuchangishana, na ulilipe. Keti nao wakusimulie habari zake ambazo huzijui. Utalia, na utajua rakaa ngapi.

Tafakuri yenyewe ishike hivi. Baada ya sala ya Alfajiri, kabla hujagusa simu, kaa dakika kumi na tano, usizidi mwanzoni. Chukua aya moja kwa wiki nzima, na anza na ile ya mwisho wa Aali Imran, aya ya 190 na ya 191, inayowataja wanaomkumbuka Mungu kwa kusimama, kukaa na kulala ubavu, na wakatafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Isome kwa sauti mara tatu pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili. Kisha ziweke zile maarifa mbili za Ghazali kwa jambo lako mwenyewe: mama yangu ameondoka na hakuchukua ila amali yake, na mimi niko njia hiyohiyo. Ya tatu itoe wewe, uiandike kwenye daftari kwa mstari mmoja. Halafu iwe na kitendo kimoja kitakachofanyika kabla ya Magharibi ya siku ile. Ikikosa kitendo, ujue ilikuwa mawazo tu.

Itakwenda vibaya, nakwambia mapema. Wiki ya pili au ya tatu utakuwa mkavu, na nafsi itakwambia "usiku ule ilikuwa bora". Usifukuzie machozi. Anayetafakari ili alie anaziabudu hisia zake. Usingizi ukikushika, simama utembee. Ukijikuta unafikiria dhati ya Mwenyezi Mungu Yeye yukoje, rudi kwenye viumbe vyake, huko ndiko tulikoelekezwa. Siku ikiwa nzito kabisa, nenda makaburini, Mtume (s.a.w.) amesema yanakumbusha Akhera. Pwani hii tuna utenzi uitwao Al-Inkishafi, na jina lake maana yake ni kufunukiwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifunukiwa na nini? Alitazama majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, akayaona yamekuwa magofu. Magofu tunayo ya kutosha.

Limebaki moja, na ndilo nitakalokupimia. Umesema ulimsamehe babako moyoni. Barua yako haisemi kama umekwenda kwake. Kama hujakwenda, basi uliyoyaona usiku ule bado hayajathibiti. Nenda Ijumaa hii baada ya sala, na mkeo, mchukulie kitu anachokipenda. Mwanzo usizungumze ya zamani. Mwambie umekuja kumjulia hali, na umwombe mwende wote kulizuru kaburi la mama. Habari za uyoga usimweleze. Mwenyezi Mungu amekusitiri, nawe jisitiri.

Wallahu aalam.